Majiko ya Mkaa ya Zamani na Wiski ya Bourbon: Mwongozo Kamili kwa Mkusanyaji wa Dar es Salaam

Jiko la chuma lililokaa miaka 30 katika stoo ya Dodoma linaweza kutolewa likiwa na vumbi tu, ilhali jiko la aina hiyohiyo lililoachwa msimu mmoja wa masika kwenye baraza la nyumba ya Msasani au Kigamboni hukutwa miguu yake imekwisha kuliwa na kutu. Upepo wa bahari hubeba chumvi, chumvi huvuta unyevu kutoka hewani hata siku ambazo mvua hainyeshi, na unyevu huo hulila chuma usiku na mchana. Ninaanza na jambo hili kwa sababu karibu kila uamuzi ulioelezwa humu, kuanzia jiko la kununua hadi ukuta wa kuliegemeza, unatokana nalo. Wiski ya Bourbon imeingia katika mwongozo huu kwa sababu nayo ni mtoto wa mkaa, kama nitakavyoeleza, na pia kwa sababu mtu aliyeshinda Jumamosi nzima akisugua kutu anastahili glasi moja jioni.

Kuna sababu ya kutokuchelewa. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Ni lengo jema kwa misitu na kwa mapafu ya mama zetu. Hata hivyo, lina maana kwamba jiko la mkaa, ambalo leo liko katika kila uchochoro na hakuna anayelifikiria kuwa kitu cha kuhifadhi, litakuwa likiishia kidogokidogo kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu.

Hatua ya kwanza: kuamua unakusanya nini

Mkusanyo usio na mpaka hugeuka lundo, na katika nyumba nyingi za Dar es Salaam lundo huwa na mwisho mmoja, yaani siku ambayo mwenzako anaita mkokoteni ukiwa kazini. Chagua ukoo mmoja wa majiko, ujifunze vizuri, ndipo uongeze mwingine.

Ukoo wa kwanza ni wa majiko ya kwetu. Humo kuna jiko la bati lililokatwa na kukunjwa kutoka kwenye debe au pipa, jiko la ringi ya gari lililochomelewa miguu mitatu, jiko refu la muuza mishikaki, na nusu pipa la kuchomea nyama, ambalo hutokana na pipa la mafuta la lita zipatazo 200 lililopasuliwa kwa urefu. Kuna pia majiko banifu yenye kiuno chembamba na kikombe cha udongo ndani, mtindo uliosambaa kutoka Kenya tangu miaka ya 1980. Majiko haya hayana nembo wala tarehe, kwa hiyo thamani yake iko katika mkono wa fundi: jinsi mkunjo wa bati ulivyofungwa bila ribiti, jinsi mlango wa majivu ulivyoning'inizwa, jinsi matundu ya hewa yalivyotobolewa kwa msumari kwa kufuata mstari ambao fundi aliuona kwa macho yake tu.

Ukoo wa pili ni wa majiko ya kigeni yenye majina. Maarufu zaidi ni jiko la mviringo la Weber. Mwaka 1952 George Stephen, aliyekuwa akifanya kazi katika karakana ya Weber Brothers Metal Works huko Chicago, ambako maboya ya chuma yalitengenezwa, alilipasua boya akapata bakuli na mfuniko, kwa sababu alichoka kuona upepo na mvua vikimharibia nyama. Bakuli la jiko hilo hupakwa enameli, yaani kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma, na matoleo ya tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 huwa na herufi zilizogongwa kwenye kibati cha tundu la hewa la mfuniko, ambazo huonyesha mwaka wa kutengenezwa. Miaka hiyohiyo ya mwanzoni mwa 1950 ndipo lilipozaliwa Texas jiko la PK, ambalo mwili wake wote ni alumini iliyomiminwa kwenye kalibu. Wajapani nao wametupa hibachi, majiko madogo ya chuma kizito, pamoja na kamado, jiko la udongo lenye umbo la yai ambalo Ed Fisher alilifanya biashara kubwa huko Atlanta kuanzia mwaka 1974 kwa jina la Big Green Egg.

Nikiulizwa na anayeanza katika jiji hili, humwambia atafute alumini kwanza. Alumini haishiki kutu kama chuma. Hufanya utando mweupe ambao hujilinda wenyewe. Enameli ni ya pili, mradi haijabanduka. Bati jembamba ndilo gumu kuliko yote kulihifadhi pwani, na kwa bahati mbaya ndilo lenye historia yetu zaidi, kwa hiyo atakayelikusanya akubali kwamba amejitwika kazi ya kila mwezi.

Hatua ya pili: kutafuta

Mtaa wa Gerezani, wenye mafundi wa bati, ni shule kabla ya kuwa soko. Nenda asubuhi, kabla kelele za nyundo hazijawa kubwa kiasi cha kuzuia mazungumzo, ukae na mafundi wazee, na uwaulize majiko ya zamani yalikuwa yakifungwaje. Mzee aliyekata bati miaka 40 atakwambia kwa kulitazama mara moja kama jiko limefanywa Dar es Salaam au limeletwa kutoka bara. Wanunuzi wa vyuma chakavu ni muhimu vilevile, kwani bei ya chini kabisa ya jiko lolote la chuma ni uzito wake kwenye mizani yao. Ukiwaachia namba yako ya simu na ahadi ya kuongeza kidogo juu ya bei ya kilo, watakupigia kabla ya kulitupa kwenye lori. Majiko ya kigeni hupatikana zaidi Masaki, Oysterbay na Mikocheni, pale wageni wanaomaliza mikataba yao wanapouza vyombo vya nyumbani. Hapo jiko huuzwa pamoja na viti vya bustani, na mara nyingi muuzaji hajui umri wake.

Kuhusu majiko yanayotumika bado, uungwana unatangulia pesa. Usimwendee mama lishe katikati ya shughuli zake ukaanza kuligeuzageuza jiko lake. Msubiri amalize kupakua, umsalimie ipasavyo, «Shikamoo, mama», kisha umuulize jiko limekaa naye tangu lini. Akikubali kuliuza, mnunulie jipya lililo bora kuliko hilo na umwongezee pesa juu yake, maana kesho alfajiri anapaswa kupika. Hadithi atakayokupa, iandike siku hiyohiyo kwenye daftari, ikiwa na mwaka, mtaa na alichokuwa akipika. Bila hiyo utakuwa umenunua bati tu.

Hatua ya tatu: kulikagua kabla ya kulipa

Chukua sumaku ndogo, kijiko cha chuma na tochi. Sumaku isiyoshika inakuonyesha alumini, na ikishika kwa udhaifu mahali pamoja tu, huenda rangi nene au lipu ya kuziba imeficha tundu. Chuma cha kalibu kigonge taratibu kwa kijiko: kizima hulia kama kengele, kilichopasuka hutoa sauti iliyokufa. Geuza jiko uangalie chini, kwa sababu ndiko majivu yaliyolowa hukaa, na ndiko kutu huanza. Miguu inaweza kutengenezwa upya. Bakuli likishatoboka, jiko limebaki la kutazamwa.

Mambo matatu yanaweza kukudhuru. Chuma kilichopakwa zinki, ambacho huonekana kwa mng'aro wenye madoa kama barafu iliyopasuka, hutoa moshi wa sumu kikipata moto mkali, hivyo wavu wa namna hiyo usichomee chakula. Rangi ya zamani sana inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo usiisugue ikiwa kavu. Kamba au shuka nyeupe zenye nyuzinyuzi zilizozibia milango ya baadhi ya majiko makuukuu zinaweza kuwa za asibesto, na dawa yake ni kutoligusa jiko hilo kabisa.

Hatua ya nne: kulisafisha bila kulifuta

Hapa ndipo majiko mengi huharibika, na mengi huharibiwa kwa upendo. Jiko langu la kwanza la chuma cha kalibu nilimpelekea fundi nikamwambia nataka liwe kama jipya, naye akanitimizia neno langu: grenda ilipita juu ya kila kitu, pamoja na maandishi ya mtengenezaji yaliyokuwa yamefunikwa na masizi. Fundi hakuwa na kosa. Tangu siku hiyo kanuni yangu ni kuondoa kinachoendelea kula chuma na kuacha kilichobaki, yaani kutu nyekundu inayomomonyoka itoke, lakini weusi mgumu wa moto wa miaka mingi ubaki, kwa kuwa ndio ushahidi wa maisha ya jiko.

Anza kwa kupiga picha pande zote, kisha osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukitumia brashi ya plastiki na kipande cha mbao kilichochongwa ncha. Maji yawe ya bomba au ya mvua. Visima vingi vya jiji hili vina chumvi, na anayeoshea jiko maji ya kisima cha chumvi anapanda kutu mwenyewe. Kama jiko lilikaa karibu na bahari, liloweke katika maji matamu kwa siku moja, umwage, urudie, hadi chumvi iliyojificha kwenye vishimo vya kutu itoke. Usitie enameli ya moto ndani ya maji ya baridi, kwani itapasuka.

Kutu ndogo ya chuma kitupu hutoka kwa brashi ya waya na mafuta kidogo, au kwa kuloweka kipande kwenye siki kwa saa chache huku ukichungulia mara kwa mara, kwa sababu siki ikimaliza kutu huendelea na chuma chenyewe. Kutu nzito ya chuma cha kalibu huondolewa vizuri zaidi kwa umeme. Chukua pipa la plastiki, ujaze maji, uyeyushe magadi soda kwa kipimo cha kijiko kimoja cha mezani kwa kila lita 4, kisha uning'inize jiko katikati na vipande vya nondo pembeni bila kugusana. Waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12 ufungwe kwenye jiko, na waya chanya kwenye nondo. Ukikosea ukavigeuza, jiko ndilo litakaloliwa. Nondo isiwe ya chuma kisichoshika kutu, kwa sababu hicho huacha sumu ndani ya maji. Kazi hii ifanyike nje, mbali na moto na sigara, maana mapovu yanayopanda ni gesi ya haidrojeni, na chaja izimwe kabla hujaingiza mkono. Jiko la alumini lisiingizwe humo kabisa, kwani magadi huila alumini. Baada ya saa 12 hivi kutu huwa imegeuka tope jeusi linalotoka kwa brashi.

Jambo linalofuata halina subira. Chuma kilichosafishwa kikiwa kimelowa huanza kutu upya ndani ya nusu saa kwa hewa yetu hii, kwa hiyo kifute, kianike jua la saa saba mchana, kisha kipashe moto juu ya mkaa kidogo hadi kila tone liishe. Kama utapikia, paka mafuta ya alizeti kwa kitambaa, uyafute mpaka uone kama hujapaka kitu, uunguze hadi moshi uishe, urudie mara tatu au nne. Kama ni la kuonyesha tu, nta ya nyuki inafaa zaidi kuliko mafuta, ambayo hukamata vumbi na kunata. Nta hiyo, kama ile inayoletwa kutoka Tabora, huyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 63, basi ipake chuma kikiwa na joto la kutosha kuilainisha, kisha ung'arishe kwa kitambaa cha pamba. Rudia kabla ya masika na kabla ya vuli.

Hatua ya tano: kuonyesha

Usiliweke jiko moja kwa moja juu ya sakafu ya saruji, kwani saruji hupitisha unyevu kutoka ardhini. Liinue sentimita 10 au zaidi juu ya vipande vya mninga au jiwe, na uache nafasi ya kiganja kati yake na ukuta ili hewa ipite. Baraza linaloelekea baharini ni zuri kwa binadamu na baya kwa chuma; chagua upande wa nyumba usiopigwa na upepo wa kaskazi wala kusi, au chumba chenye dirisha la vioo. Usilifunike kwa turubai la plastiki, maana jasho litakalojikusanya ndani litafanya kazi ya mvua. Kitambaa cha pamba kinatosha.

Panga kwa kufuata wazo linaloonekana. Mpangilio wangu ninaoupenda huweka nusu pipa la mchoma nyama kando ya jiko la Weber, kwa sababu mgeni huona mwenyewe kwamba mafundi wawili wasiojuana, mmoja akiwa na pipa la mafuta na mwingine akiwa na boya, walifikia wazo moja la kupasua chombo cha chuma na kutia moto ndani. Kila jiko lipate kadi ndogo yenye jina, mahali lilipotoka, mwaka unaojulikana na lililopikwa humo. Anayetaka kuona vyombo vya nyumbani vikionyeshwa mahali pake vilipotumika, atembelee Kijiji cha Makumbusho katika Barabara ya Bagamoyo. Jiko lililo ndani ya nyumba lisiwashwe hata kwa majaribio, kwani hewa ya sumu ya mkaa haina harufu na huua watu waliolala.

Hatua ya sita: kuijua Bourbon kabla ya kuimimina

Bourbon ni wiski ya Marekani, na sheria yake ni kali. Mahindi lazima yawe angalau asilimia 51 ya nafaka zake, na kinywaji kiingizwe katika chombo kipya cha mwaloni kilichounguzwa ndani, kikiwa na alkoholi isiyozidi asilimia 62.5. Chupa isiwe chini ya asilimia 40, na hakuna rangi wala ladha ya kuongeza. Sehemu kubwa hutoka Kentucky, ingawa sheria hailazimishi jimbo hilo. Maneno «Bottled in Bond» yanatokana na sheria ya mwaka 1897, na yanamaanisha kiwanda kimoja, msimu mmoja, angalau miaka 4 ya kukaa kwenye ghala linalosimamiwa na serikali, na asilimia 50 kamili ya alkoholi.

Huo uunguzaji ndio undugu niliousema. Pipa huwashwa moto ndani hadi karibu dakika moja, mpaka mbao zipasuke kama ngozi ya mamba, na chini ya tabaka hilo la mkaa sukari ya mti huungua ikawa kahawia. Rangi yote ya Bourbon na ladha yake ya vanila na sukari guru hutoka humo. Pipa lenyewe huchukua lita zipatazo 200, karibu sawa na pipa la mafuta ambalo fundi wetu hulipasua kuwa jiko. Ni sadfa tu, lakini ni sadfa ninayoifurahia kila ninapowasha moto.

Nunua dukani penye risiti na uangalie stempu ya kodi ya kielektroniki, ambayo unaweza kuihakiki kwa programu ya simu ya Hakiki Stempu. Msafiri mwenye umri wa miaka 18 au zaidi anaruhusiwa kuingia na lita 1 ya pombe kali bila ushuru. Chupa isimamishwe wima, kwa sababu pombe kali hula kizibo, na ikae kabatini mbali na jua na mbali na mgongo wa jokofu, ambako joto ni kubwa. Mitungi ya kauri ya zamani iliyobeba wiski inapendeza sana kando ya majiko, lakini kilichomo kisinywewe, maana rangi yake ya kung'aza inaweza kutoa risasi.

Hatua ya saba: jioni yenyewe

Moto huwashwa kwanza, na chupa hufunguliwa nyama ikishaiva. Pombe yenye asilimia 50 hushika moto, na mwenye glasi mkononi si mtu wa kupuliza makaa. Washa mkaa mkavu wa kutosha tabaka moja. Jiko kuukuu halipendi moto wa ghafla, basi litangulize robo saa kwa makaa machache. Mbali na nyama ya mbuzi na kuku, usikose mahindi ya kuchoma, kwani mtu hujifunza mengi akila punje iliyoungua kidogo kisha akaonja kinywaji kilichotokana na punje hiyohiyo. Ndimu na pilipili viwe kwa kiasi, maana ukali wake huizima Bourbon kabisa.

Mimina mililita 40 hivi katika glasi yenye mdomo mwembamba, unuse huku mdomo ukiwa wazi kidogo, uonje, kisha utie matone machache ya maji na uonje tena. Katika joto la Dar es Salaam kipande kimoja kikubwa cha barafu hakina aibu, hata kama wajuzi watakukunjia uso. Wasiokunywa waandaliwe juisi ya ukwaju au madafu kwa heshima ileile, na waliokunywa waitiwe bajaji.

Wageni wakishaondoka, funga matundu yote ya hewa ili makaa yazimike yenyewe, na usiyamwagie maji ndani ya jiko. Asubuhi, kabla ya chai, toa majivu yote hadi punje ya mwisho na upanguse bakuli kwa kitambaa kikavu, kwa sababu majivu yaliyolala hushika unyevu wa alfajiri ya pwani na kuugandamiza kwenye chuma, kikaliwa kuanzia chini, mahali ambapo hutapaona mpaka siku utakapolinyanyua jiko na chini yake kubaki sakafuni.